Mayai Hayajatotolewa: Kutafuta Chanzo kwa Wanaototolesha Nyumbani, Nyanda za Juu Kusini

Siku ya 21 imepita, trei ya mayai 30 imetoa vifaranga 11 na mayai yaliyobaki yamekaa kimya. Usiyatupe. Subiri hadi siku ya 23, kisha chukua bakuli, karatasi na kalamu, toka nje penye hewa, uyavunje moja moja na uandike ulichokikuta ndani. Yai lililokufa huonyesha lilifia siku gani, na siku hiyo ndiyo inayokuelekeza kwenye chanzo. Asiyevunja mayai yake atapandisha joto leo, ataongeza maji kesho, mwezi ujao atanunua mashine nyingine, na tatizo litabaki palepale, pengine kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa bandani kwenye jogoo.

Huku kwetu kuna jambo jingine zito. Kijitabu kinachokuja na mashine hakikuandikwa kwa ajili ya milimani. Iringa mjini ni takribani mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, Mbeya takribani 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Kwenye mwinuko wa Mbeya, oksijeni unayovuta kwa pumzi moja ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na maji hutoka ndani ya yai kupitia vitundu vya ganda kwa kasi kubwa zaidi. Juu ya hayo kuna baridi ya Juni hadi Agosti. Kwa hiyo zichukue namba za kijitabu kama mahali pa kuanzia, halafu uache mizani ya jikoni na mayai uliyoyavunja yakupe namba za nyumbani kwako.

Namba za kuanzia

Mayai ya kuku huchukua siku 21. Mashine yenye feni iwe kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8. Boksi lisilo na feni liwe kwenye 38.5 hivi, ukipima usawa wa mgongo wa yai. Ukisogeza kipimajoto sentimita 5 juu au chini utasoma joto jingine kabisa, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 kuanzia siku ya 1 hadi ya 18, kisha 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Geuza mayai hadi siku ya 18: kwa mkono angalau mara 3 au 5 kwa siku, namba isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala usiku mzima usiwe uleule kila siku.

Kware ni siku 17 hadi 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28. Angalia sana mayai ya bata. Bata wengi wa vijijini, wale wenye nyama nyekundu usoni, huchukua siku 35. Mayai mengi yenye uhai hutupwa siku ya 30 kwa sababu mwenyewe alisoma kuwa bata ni siku 28.

Hakiki vipimo kabla ya kulilaumu yai

Kosa la nyuzi 1 tu, likidumu siku zote 21, linatosha kuharibu mzao mzima. Usihakiki kipimajoto kwa maji yanayochemka, maana Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukidhani ni 100 utarekebisha kifaa kilichokuwa sahihi. Tumia kipimajoto cha homa cha kidijitali, kile cha duka la dawa. Hicho kimetengenezwa kuwa sahihi kwenye nyuzi 35 hadi 41, na hapo ndipo unapohitaji.

Jaza maji kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, ifunge kifuniko, ilaze katikati ya mayai kwa saa 8 au zaidi. Kisha itoe, ifungue, utumbukize kipimajoto cha homa mara hiyo hiyo. Kipimo hicho ndicho joto ambalo mayai yenyewe yanalipata. Kama kioo cha mashine kinaonyesha 37.8 na chupa inasema 36.9, amini chupa. Rudia chupa hiyo kwenye kona zote nne. Tofauti ya zaidi ya nusu nyuzi kati ya kona na kona maana yake feni ni dhaifu, imewekwa vibaya, au trei zimeziba njia ya hewa.

Kipimaunyevu nacho kihakiki kwa chumvi. Jaza chumvi ya mezani kwenye kisoda, idondoshee maji hadi ilowe kama tope bila kuyeyuka, kisha fungia kisoda hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa usiku mzima. Asubuhi kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, jua kuwa siku zote kinakudanganya kwa 7.

Joto halifiki, au linayumba usiku

Mchana mashine inashika 37.6, ukiamka saa 11 alfajiri unakuta 35.9. Hapa mara nyingi kosa ni la chumba. Mashine ndogo nyingi zimeundwa kwa chumba chenye nyuzi 20 hadi 25, na sebule ya Makambako au Mafinga mwezi Julai haifiki huko bila moto. Ondoa mashine sakafuni, maana saruji hunyonya joto. Iweke juu ya meza, mbali na mlango na dirisha, katika chumba cha ndani ambacho hakipigwi na jua la asubuhi. Izungushie blanketi au boksi la stairofomu pande zote, ila matundu ya hewa yaachwe wazi.

Kama chumba ni cha vuguvugu na bado joto linashuka kila siku kati ya saa 1 na saa 4 usiku, angalia taa za ndani. Zikififia, umeme umepungua nguvu kwa sababu mtaa mzima unapika. Kifaa cha joto kilichotengenezwa kwa volti 230 kikipata volti 180 hubaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake, kwa hiyo upungufu unaoonekana mdogo kwenye taa ni mkubwa kwenye mashine. Dawa yake ni stabilaiza, au kuongeza kifaa kingine cha joto.

Kwa aliyejitengenezea boksi la balbu, kuna makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni kufunga balbu za LED, ambazo joto lake ni dogo mno. Zinatakiwa balbu za waya, na ni heri mbili za wati 40 zilizofungwa kila moja kwa njia yake kuliko moja ya 80, ili moja ikiungua mayai yasipoe. La pili ni kidhibiti joto. Kile kidogo maarufu, W1209, kinatoka kiwandani kikiwa kwenye hali ya kupoza, na pengo la nyuzi 2 kati ya kuwasha na kuzima. Kwenye menyu yake ingia P0 uweke H (hali ya kupasha joto), kisha P1, penye pengo hilo, uweke 0.2 au 0.3. Ukiliacha pengo la 2, mayai yatakuwa yanapanda na kushuka saa 24. Ukikuta kinasoma tofauti na chupa, rekebisha kwenye P4. La tatu ni kihisio kilichoning'inia karibu na balbu: kinahisi joto la balbu, kinazima mapema, na mayai ya upande wa pili yanabaki kwenye nyuzi 35.

Ukimulika siku ya 7, yai ni jeupe

Mulika gizani kwa tochi ya simu iliyozungushiwa karatasi ngumu yenye tundu dogo. Yai zima siku ya 7 huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Yai jeupe, lenye kivuli cha kiini tu, ama halikuwa na mbegu, ama lilikufa saa za mwanzo kabisa. Mayai hayo hufanana kwenye mwanga, ila visababishi vyake ni tofauti, kwa hiyo vunja manne au matano. Juu ya kiini kuna kidoa. Kikiwa kidogo, cheupe, kimeshikamana, yai halikurutubishwa. Kikiwa kimetanuka na kufanya ngozi laini ya rangi ya maziwa, lilikuwa na mbegu ikafa.

Yasiyo na mbegu yakizidi 4 kati ya 30, rudi bandani. Jogoo mmoja wa kienyeji atosheleze mitetea 8 hadi 10. Jogoo mgeni akiingia, anza kukusanya mayai ya kutotolesha baada ya siku 10 hadi 14. Kucha ndefu, miguu yenye magamba ya utitiri, uzito uliopitiliza na uzee vyote humfanya jogoo apande bila mafanikio. Na kama ulinunua trei sokoni, Mwanjelwa au kwingineko, mayai yale ya kisasa kwa kawaida hutoka kwenye mabanda yasiyo na jogoo hata mmoja. Hakuna mashine itakayoyatoa vifaranga.

Kama mbegu ilikuwepo ikafa mapema, chunguza yai lilivyokaa kabla ya mashine. Yai la kutotolesha linatakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 13 hadi 18, ncha nene ikiwa juu, kwa siku zisizozidi 7. Baada ya hapo uwezo wa kuanguliwa hushuka kila siku. Watu wa pwani huhangaika kuyapoza mayai yao. Huku shida ni kinyume. Stoo ya Makete au Njombe mwezi Julai inaweza kushuka chini ya nyuzi 8 usiku, na yai lililoachwa kwenye kiota hadi asubuhi hupigwa na baridi ileile. Miezi ya baridi kusanya mara tatu kwa siku, ya mwisho jioni kabla ya giza, na uyahifadhi chumba cha ndani ndani ya boksi lenye maranda. Yasiingie kwenye jokofu hata kwa usiku mmoja.

Mayai yaliyopanda bodaboda kwenye barabara ya vijijini yapumzishwe saa 12 hadi 24, ncha nene juu, kabla ya kuwekwa. Mtikisiko huvuruga chumba cha hewa, ile nafasi tupu iliyo ndani ya ncha nene. Mulika: ukiona kivuli chake kinacheza ukiinamisha yai, litenge, nafasi yake ni ndogo.

Mduara wa damu

Pete nyekundu, safi, iliyozunguka yai maana yake kiinitete kilianza kukua, kikafa kati ya siku ya 2 na ya 4, damu ikajikusanya pembeni. Machache kwenye trei si ajabu. Yakiwa mengi kwa pamoja, sababu kubwa ni joto kupanda sana siku za mwanzo. Mtu anaweka mayai ya baridi, joto la mashine linashuka, naye anaongeza kidhibiti hadi 39 ili "lirudi haraka". Baada ya saa 6 mayai yameshapata moto na kidhibiti bado kipo 39. Washa mashine saa 24 kabla, iache itulie kwenye 37.6. Mayai yakae kwenye chumba cha nyuzi 20 au zaidi kwa saa 6 hadi 8 ndipo uyaweke, halafu usiguse kidhibiti hata joto likishuka kwa muda.

Kuyaacha yapate vuguvugu kwanza kunakinga jambo jingine pia: yai la baridi likiingizwa kwenye joto moja kwa moja hutoka jasho, na jasho hilo huvuta vijidudu kupitia ganda.

Yamekufa katikati, siku ya 8 hadi ya 15

Kifaranga mdogo, macho meusi yakionekana, manyoya yameanza au bado. Joto likiwa sawa na mayai yakiwa safi, tazama chakula cha wazazi. Hii ni mikoa ya mahindi, na kuku wengi hula mahindi na pumba basi. Mtetea huyo hutaga vizuri, yai linaonekana zuri, lakini halina vitamini ya kutosha kumfikisha kifaranga mwisho. Upungufu wa vitamini B2 huua hasa kipindi hiki, na wanaofanikiwa kutoka huwa na vidole vilivyokunjika kwa ndani na manyoya yaliyojisokota vishungi. Tatizo huzidi kuanzia Agosti hadi Oktoba majani yakikauka. Wape wazazi mchicha au majani mengine mabichi kila siku, dagaa waliosagwa, na mchanganyiko wa vitamini wa kuku wazazi kutoka duka la mifugo, kuanzia wiki tatu kabla ya kukusanya mayai. Kuwapa wiki ileile ya kukusanya ni kuchelewa.

Kutogeuza nako huonekana hapa. Mota ya trei inaweza kunguruma bila trei kusogea. Weka alama ya X na O kwa penseli pande mbili za mayai machache, au piga picha trei saa 3 asubuhi na saa 5, ulinganishe mwinamo.

Kifaranga amekamilika, hakutoboa

Hii ndiyo hasara inayouma kuliko zote: siku ya 18 yai lilikuwa hai, siku ya 23 kifaranga mzima amelala ndani. Huku juu, chanzo kikuu ni maji. Ama yametoka mengi mno, ama machache mno, na ukivunja ganda utatambua lipi. Kifaranga mdogo, mkavu, chumba cha hewa kimekula zaidi ya theluthi ya yai, utando mgumu umembana: yai lilikauka. Kifaranga mnene, ameloa, maji yanachuruzika, kiini hakijaingia tumboni, chumba cha hewa ni kidogo: yai lilibaki na maji.

Watu wa Tukuyu hushangaa kuambiwa mayai yao yamekauka wakati nje kuna ukungu. Tatizo ni kwamba hewa ya baridi hubeba maji machache. Hewa ya nyuzi 12 iliyojaa ukungu, yaani asilimia 100, ikiingia kwenye mashine na kupashwa hadi 37.5 inabaki na asilimia 22 tu. Hewa kavu ya Mbeya ya mwezi Julai, nyuzi 12 na asilimia 55, inashuka hadi karibu 12. Sasa chukua Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mwinuko usiofika mita 600: hewa ya nyuzi 28 na unyevu wa 85 ikipashwa inabaki karibu 50 bila tone la maji kwenye mashine. Ndiyo maana mwenzako wa Kyela anaweza kukushauri kwa nia njema kabisa usiweke maji, naye anapata vifaranga, wewe wa Uyole ukifuata unapata viza.

Kipimaunyevu kinakupa makisio. Mizani inakupa ukweli. Yai la kuku linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Pima trei nzima siku ya kuweka, ukitoa uzito wa trei tupu. Tuseme mayai 30 yana gramu 1,500. Siku ya 7 yanatakiwa kuwa karibu 1,430, siku ya 14 karibu 1,360, siku ya 18 karibu 1,320. Ukitoa yai jeupe njiani, lipime na uondoe uzito wake kwenye hesabu. Ukikuta siku ya 7 yamefika 1,395, yanakauka: ongeza unyevu. Ukikuta 1,455, toa chombo kimoja cha maji. Una siku 11 za kurekebisha, nafasi ambayo kipimaunyevu kibovu kisingekupa.

Unyevu hutokana na upana wa maji, kina hakisaidii. Sahani pana yenye maji ya sentimita 1 inashinda kikombe kilichojaa. Ongeza sahani, au simamisha kitambaa cha pamba au sponji ndani ya maji, na ujaze maji ya vuguvugu kila mara ili usishushe joto. Kwenye mwinuko wa Mbeya na Njombe, kwa sababu yai hupoteza maji haraka hata unyevu ukisoma sawa na wa pwani, wengi watajikuta kwenye asilimia 55 hadi 60 ndipo mizani ikubali.

Kosa kubwa kabisa ni kuziba matundu ya hewa ili kutunza unyevu. Siku tatu za mwisho kifaranga anaanza kupumua kwa mapafu, mahitaji yake ya oksijeni ni makubwa, na hewa yetu tayari ni pungufu. Ukifunga matundu unamnyima hewa saa ileile anayoihitaji. Kuanzia siku ya 18 fungua matundu yote, kisha rudisha unyevu kwa kuongeza maji, hata kama itakubidi kuweka sahani mara mbili ya kawaida.

Mayai yaliyopandishwa kutoka Kyela, Morogoro au Dar es Salaam yana shida yao. Ganda lake lilitengenezwa na kuku wa hewa nzito, likifika huku linapitisha maji kupita kiasi. Yatotoleshe peke yake, anza na asilimia 60, yapime kila baada ya siku 4. Kama nia yako ni kupata mbegu ya mahali pale, ni afadhali kuleta vifaranga, uwalee huku, utotoleshe mayai watakayotaga wenyewe.

Ametoboa, kisha akafa

Kutoka kutoboa ganda hadi kutoka kabisa ni saa 12 hadi 24, na kimya cha saa kadhaa katikati ni cha kawaida: anamalizia kufyonza damu ya utando na kiini. Anayefungua mashine kila nusu saa kuangalia ndiye anayewaua. Kila ukifungua, unyevu unashuka ghafla, utando unakauka na kumganda kifaranga mwilini, hasa kwenye jikoni la baridi. Siku ya 18 jaza maji, funga, usifungue tena hadi wengi wakauke. Kama ni lazima kuongeza maji, pitisha mrija kwenye tundu la hewa.

Kusaidia kuna masharti. Subiri saa 24 kamili tangu tundu la kwanza. Kama utando umekuwa mweupe na mkavu, lowesha kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, banja ganda kidogo kuzunguka tundu, mwachie mwenyewe. Ukiona damu, acha hapo hapo, rudisha yai, subiri saa 6.

Aliyetoboa upande wa ncha nyembamba kwa kawaida aliwekwa kichwa chini au hakugeuzwa ipasavyo. Mayai ya kienyeji ya mviringo yanakosewa kirahisi, kwa hiyo mulika kabla ya kupanga ukaone chumba cha hewa kiko wapi.

Wametoka mapema, au wamechelewa

Siku ya 19 au 20, wadogo, vitovu vina damu: joto lilikuwa juu. Siku ya 22 au 23, wazito, wamelegea, matumbo makubwa: joto lilikuwa chini. Rekebisha kwa nyuzi 0.3 tu mzao ujao, usirukie nyuzi nzima. Mayai yaliyokaa muda mrefu kabla ya kuwekwa huchelewa pia, takriban saa moja kwa kila siku ya kukaa. Wakitoka wachache wachache kwa siku tatu, ama ulichanganya mayai ya umri na ukubwa tofauti, ama kona za mashine hazina joto sawa. Rudia kipimo cha chupa.

Yai linanuka au limepasuka ndani

Litoe mara linapoanza kutoa harufu au majimaji, ukilifunga kwanza kwenye nailoni. Likipasuka, uchafu wake huingia kwenye majirani na vifaranga hutoka na vitovu vibichi vinavyooza. Chanzo ni ganda chafu, na mara nyingi zaidi ni kuliosha. Maji ya baridi hulifanya yai kusinyaa ndani na kuvuta vijidudu kupitia vitundu. Tope kavu lisugue taratibu kwa msasa laini. Lenye kinyesi kingi usilitotoleshe, lipike ule. Kiota chenye maranda makavu kinazuia haya yote, hasa Machi na Aprili banda likilowa. Kati ya mzao na mzao osha mashine kwa maji na sabuni, kisha maji yenye jiki kidogo, uikaushe juani.

Umeme umekatika

Usifungue. Mayai yaliyokusanyika hutunza joto, na kukatika kwa saa 2 au 3 chini ya blanketi kwa kawaida huchelewesha tu mzao. Kuanzia siku ya 18 acha matundu wazi hata ukifunika. Ikizidi saa 3, ingiza chupa za plastiki zenye maji ya nyuzi 45 hivi, zikiwa zimefungwa kwenye taulo, mbali kidogo na mayai, uzibadilishe kila saa 2. Mtetea anayeatamia ni msaada mzuri kuliko chupa: mpe mayai 10 hadi 12 usiku, umnyang'anye asubuhi.

Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inaua mayai, na inaua watu waliolala chumba hicho na cha jirani.

Kwa betri, soma wati zilizoandikwa mgongoni mwa mashine. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, nusu yake ndiyo ya kutumia bila kuiharibu. Mashine ya wati 80, ukihesabu na hasara ya inveta, itaenda saa 6 hivi kwenye chumba cha baridi.

Ukirudi umeme, usikate tamaa mapema. Mulika baada ya siku mbili, utoe yale tu yenye mduara au kivuli kisichosogea, na uongeze siku mbili kwenye tarehe ya kutoka.

Miguu imepanuka pande mbili

Sakafu inateleza. Magazeti na plastiki ndani ya mashine humfanya kifaranga apasue msamba saa chache baada ya kuzaliwa. Tandika kitambaa kikavu cha mkwaruzo au wavu laini siku ya 18. Aliyeshapanuka, mfunge miguu kwa plasta nyembamba, akiachiwa nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya mguu na mguu, kwa siku 2 hadi 3, huku akipata maji na chakula karibu.

Wakishakauka, baada ya saa 12 hadi 24, wahamishie kwenye kinengunengu (boksi la kulelea vifaranga) chenye nyuzi 33 hadi 35 usawa wa migongo yao, kikiwa kimeshapashwa moto tangu asubuhi. Kiini walichofyonza kinawatosha kwa siku mbili, kwa hiyo hakuna haraka ya kuwatoa wakiwa na unyevu mgongoni kwenye hewa ya nyuzi 12.